Mama wa Juu na Lori la Pua Ndefu

Tulimwita Mama wa Juu kwa sababu shamba lake lilikuwa juu ya letu, basi. Kwetu Mau Narok mtu huelezwa kwa mteremko: ni wa juu au wa chini, na mvua ikinyesha maji yake huingia kwa nani. Maji ya Mama wa Juu yaliingia kwetu. Mtaro wake ukifurika alishuka na jembe begani, akazibua upande wetu kwanza, ndipo akarudi kuzibua wake. Hakuita mtu. Mama yangu akimwona kupitia dirisha la jikoni aliongeza maji kwenye sufuria ya chai, na Mama wa Juu akaja kuinywa akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu ya matope ya gamubuti zake.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu umsogelee ili umsikie. Mgeni angedhani ni mwoga. Mwaka mzima alivaa koti la kijivu la kiume, maana baridi ya kwetu haina likizo, na kitambaa cha kichwa alikifunga kwa nyuma, akakikaza, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu. Mara nyingi alikuwa anajiandaa kubeba kitu kweli.

Siku hizi watu wakimzungumzia huanza na lori. Hata Naivasha, ninakofanya kazi, nikisema kwetu ni Mau Narok hakosi mtu wa kuniuliza kama namjua yule mama wa lori kuukuu. Nasema namjua, ni jirani yetu. Nikisema hivyo huwa nanyoosha mgongo kidogo.

Kabla ya lori kulikuwa na mabroka, madalali wa viazi. Viazi vya kwetu, tunavyoviita waru, hustawi sana, lakini Nakuru ni mbali, na malori yalikuwa ya watu wengine. Broka alisimamisha lori lake barabarani na yeye ndiye aliyesema gunia lijazwe vipi. Lilijazwa hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo likaongezewa kichuguu kilichoshonwa kwa wavu, na hicho kichuguu hakikulipwa. Ukikataa, lori lilisogea kwa jirani, nawe ukabaki unatazama mawingu.

Mwaka mmoja Mama wa Juu alikataa. Nilikuwa bado shule ya msingi, na tulipita hapo asubuhi na jioni tukimwona ameketi juu ya magunia yake kando ya barabara, mwavuli mkononi. Alikuwa amemwambia broka wa kwanza kwamba gunia lina mdomo, na yeye akifika mdomoni huacha kujaza. Broka alicheka akapita. Waliofuata nao wakapita, maana walikuwa wameshaambiana. Baba yangu alimwendea kumsihi akubali tu mwaka huo. Alimjibu kwa upole kwamba hana ugomvi na mtu, ameketi. Jua lilipotoka waru za juu ziligeuka kijani, na mvua iliporudi za chini zikaoza. Alizomwaga zilinuka kijiji kizima. Sikumwona akilia, na sikumsikia akilaani. Ila kuanzia hapo alikuwa na tabia mpya ya kusimama langoni na kuitazama barabara, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Mali yake ilikuwa ng'ombe. Kwetu husemwa kwamba ng'ombe ni wa mwenye boma, lakini wale kila mtu alijua ni wake. Alianza na mtamba mmoja aliyemnunua kwa pesa za kabichi, akamlea, na kizazi kwa kizazi akawa na ng'ombe watatu wa gredi waliokuwa wakikamuliwa, na kundi dogo la kondoo. Mkubwa wa wale ng'ombe aliitwa Meneja. Huyo alizaliwa usiku mama yake akifa, na Mama wa Juu alimlea kwa chupa hadi akawa mnyama mkubwa wa mabaka meusi, aliyetangulia wenzake kwenda majini na kuwasubiri langoni mpaka wa mwisho aingie. Kumtazama Mama wa Juu akimkamua Meneja kulikuwa kama kutazama watu wawili wanaoelewana sana wakichambua mboga.

Dada yake aliishi Bondeni, mjini Nakuru, katika zile nyumba za zamani za kaunsili, akiuza nguo za watoto. Ni yeye aliyemletea habari za mzee mmoja Singasinga aliyekuwa na yadi ya malori si mbali na hapo. Mzee huyo alisafirisha mizigo maisha yake yote. Watoto wake wa kiume walikuwa wamekwenda ng'ambo, amebaki na binti mmoja, na malori yake ameyauza isipokuwa moja ambalo hakuna aliyelitaka. Alikuwa na kishamba upande wa Bahati na alitaka kufuga. Dada yake alisema mzee amechoka na chuma, anatafuta kitu kinachopumua.

Mama wa Juu alikwenda kuliona hilo lori. Baadaye alimsimulia mama yangu, nami nikiwa hapo natoa maharagwe kwenye maganda. Lilikuwa la zamani, la pua ndefu, limezeeka kabla mimi sijazaliwa. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, bodi ya mbao imeoza, taa moja hakuna, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Lakini mzee alipofungua boneti, Mama wa Juu aliona injini iliyopakwa grisi kila mahali, safi, imefunikwa kwa blanketi. Aliniambia mimi, maana nilikuwa nimeacha kutoa maharagwe, kwamba mtu anayefunika injini kwa blanketi anaweza kuaminiwa.

Mzee akaja juu kuwaona ng'ombe, ameletwa na binti yake kwa pikapu. Mteremko mzima ulikuwa uani kwa Mama wa Juu siku hiyo, kila mtu akijifanya amepita kuazima kitu. Mzee alikuwa mrefu, mwenye kilemba cha samawati na ndevu nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kama chetu. Aliwapita wale ng'ombe wawili haraka, akasimama mbele ya Meneja, akaweka mkono mgongoni mwake na hakuuondoa.

"Huyu ndiye nataka," akasema.

Mama wa Juu akasema wale wawili wanazungumzika, na kondoo wanazungumzika, lakini huyo hapana. Mzee akazunguka, akarudi pale pale. Wakabishana kwa sauti ndogo muda mrefu. Yeye aliongeza kondoo, mzee akatikisa kichwa. Aliongeza mtamba aliyekuwa bado hajazaa, mzee akatikisa kichwa tena. Mwishowe mzee akamwambia maneno ambayo baba yangu aliyarudia kwetu mara nyingi.

"Mama, mimi pia nakupa ile kitu napenda. Wewe unanipa zile hupendi?"

Mama wa Juu akamkuna Meneja nyuma ya sikio, akatazama barabara, akamkuna tena.

"Huyu haendi buchari," akasema. "Akizeeka, azeekee kwako."

"Na wewe usikate lori yangu uuze vyuma. Ikizeeka, izeekee kwako."

"Hiyo ishazeeka."

"Basi iendelee," mzee akasema, na wakapeana mikono.

Ng'ombe watatu, yule mtamba na kundi zima la kondoo, kwa lori ambalo halikuweza kuupanda mlima huo bila kusaidiwa. Watu walikuwa wameshaanza kutazamana. Lakini Mama wa Juu hakuuachilia mkono wa mzee. Alisema kuna kitu kimoja kimebaki, nacho ni kufundishwa. Yeye hajui kuendesha gari, na hataki kuajiri mtu wa kumwendeshea kitu alichokitolea Meneja. Mzee alimtazama kwa makini, kisha akamtazama binti yake, na binti akacheka akasema, "Baba, umepata kazi tena."

Siku wanyama walipochukuliwa alimwongoza Meneja mwenyewe hadi ndani ya gari, akashuka, akanawa mikono na kuingia nyumbani. Jioni, saa ya kukamua, alitoka na ndoo kama kawaida. Alikuwa amefika katikati ya boma tupu ndipo akakumbuka. Mama yangu alimwona amesimama pale. Kisha aliigeuza ndoo, akaifunika juu ya nguzo ya ua na kurudi ndani.

Mume wake alikuwa mzee wa kanisa, mtu mtulivu, anayependa mambo yaende yalivyokwenda jana. Alikuwa ameambiwa habari za kubadilishana lakini hakuamini kwamba itatokea. Ilipotokea, alisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Umebadilisha maziwa ya watoto na moshi." Hakumpiga wala kumnyima kitu. Ila lori hakulitaja kwa jina lake tena. Aliliita "ile kitu", na akipita karibu nalo aligeuza uso kama anavyopita mtu mbele ya baa.

Mama wa Juu alishuka Nakuru akakaa kwa dada yake. Yule mzee hakumruhusu kugusa usukani mpaka alipofungua, kuosha na kurudisha kila kipande kinachofunguka. Binti wa mzee alinisimulia miaka mingi baadaye kwamba baba yake aliketi kwenye kiti cha plastiki akiwa na chai, na mwanafunzi wake yuko chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, na wote wawili wakigombana kwa furaha. Siku ya mtihani wa leseni mtahini alifungua mlango akamuuliza mama, dereva yuko wapi. Alimwambia apande.

Lori lilipokuja nyumbani lilikuja likivutwa. Lilipanda kutoka Njoro vizuri, likafika Likia, likakataa, na mkulima mmoja mkubwa wa ngano akalivuta kwa trekta. Tulisikia trekta tukakimbilia barabarani. Watu walicheka, sitaficha. Mjomba wangu alivua kofia kama anayepisha msiba. Mama wa Juu alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kidevu juu, anageuza usukani kila kona, kwa sababu hata gari linalovutwa linataka mtu wa kulielekeza. Aliitikia salamu zote. Hata za wale waliokuwa wanacheka.

Miezi iliyofuata alilitengeneza. Bodi mpya ya mbao za saiprasi ilipigwa na seremala kwa kubadilishana na viazi. Spea zilitoka kwa mzee, zikija na mtu yeyote anayepanda kutoka mjini. Yeye mwenyewe alinukia dizeli hata kanisani. Maziwa ya chai alinunua kwetu, yeye aliyekuwa akiuzia nusu ya kijiji, na mama yangu alipotaka kumpa bure alikataa, akasema alijua anachofanya.

Kisha ikaja mvua ambayo watu wa kwetu bado huipimia mvua nyingine. Barabara ilikuwa uji. Malori makubwa ya mabroka yalikwama chini na madereva wakalala humo humo, na Nakuru waru zikaadimika. Mama wa Juu alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu. Alisema ataanza safari asubuhi, na anayetaka viazi vyake vifike sokoni avilete, gunia lishonwe mdomoni, bila kichuguu. Wengine walikataa. Baba yangu alisitasita, akapeleka, kisha akaamua kwenda pamoja navyo, akaketi mbele na dereva. Wakati lori linawashwa, mume wa Mama wa Juu alitoka nyumbani na koti la mvua, akapanda nyuma juu ya magunia bila kumtazama mtu. Alisema anakwenda kulinda mzigo. Hakuna aliyemuuliza anaulinda dhidi ya nani.

Lori lilikuwa na minyororo kwenye matairi, na uzito wa waru uliliweka barabarani. Baba alisema kwamba mpaka kupita Likia alikuwa ameanza kuona raha. Katika mteremko mrefu unaofuata, Mama wa Juu akakanyaga breki, akakanyaga tena, kisha akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Jirani, breki imeenda. Shikilia mlango."

Baba yangu hakuwa mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo namwamini. Alisema mama yule hakubadilika uso. Alishusha gia, injini ikanguruma, akashusha nyingine, kisha akalisogeza lori kando polepole mpaka ubavu wake ukaanza kusugua ukingo wa udongo. Udongo uliporomokea ndani kupitia dirishani, mbao mpya zikalia, wakaendelea kuteleza hivyo, baba akiomba kwa lugha zote alizozijua. Chini, mbele yao, kulikuwa na daraja na watu juu yake. Lori lilisimama kabla ya daraja, limeegemea ukingo kama mtu aliyechoka.

Mama wa Juu alizima injini, akaweka mikono mapajani. Mlango wake ukafunguliwa kutoka nje. Ni mume wake, amelowa, ana mawe mawili makubwa. Aliyaweka chini ya matairi ya nyuma, akarudi, akauliza kitu gani kimeharibika. Alimwambia ni paipu ya breki. Aliuliza kama anaweza kutengeneza. Alisema ndiyo, mzee alimpa nyingine ya akiba. Basi yule mzee wa kanisa akatandika koti lake la mvua matopeni chini ya lori, ili mke wake alale juu yake akifanya kazi, na akachuchumaa pale akimpitishia spana.

Walifika Nakuru mchana. Wanunuzi waliliona lori hilo la ajabu limejaa waru safi, magunia yote bapa juu, wakalizunguka. Mmoja akauliza, lori hii ni ya nani. Baba alisema alikuwa anafungua kamba upande mmoja na Mama wa Juu upande mwingine, na kabla yeye hajajibu, mume wake akajibu kutoka juu ya mzigo.

"Ni yetu."

Mama wa Juu hakuinua kichwa. Lakini baba aliona kwamba kamba aliyokuwa ameshaifungua alianza kuifunga tena.

Kila aliyeleta gunia alipata pesa yake. Msimu uliofuata mabroka walikuja wakiwa na lugha nyingine, na mpaka leo, kwenye mteremko wetu, gunia hushonwa mdomoni. Watoto wa sasa hawajui kwamba kuna wakati haikuwa hivyo. Mimi hupenda kuwaambia.

Nisije nikamfanya malaika, maana angenikasirikia. Kwa sukari alikuwa bahili ajabu: chai ya kwake ilikuwa ya kukisia. Alinuniana na shangazi yangu msimu mzima kwa sababu ya jogoo. Mjomba wangu, yule wa kofia, aliwahi kupanda lori amelewa na kuanza kumfundisha kuendesha. Alisimamishwa, akateremshwa mahali pasipo na nyumba hata moja, akaambiwa hewa itamfaa. Na kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa soko walilijua na hawakulisema mbele yake: hakujua kurudi nyuma. Dereva yule aliyeteremka bila breki, ukimwambia arudi nyuma kidogo tu, jasho lilimtoka. Angezunguka mtaa mzima kuliko kurudi nyuma. Wachukuzi wakiliona lori lake linaingia walisogeza mikokoteni yao bila kuambiwa, wakamwachia nafasi ya kuingia na kutoka kwa mbele.

Aliendesha bila viatu. Gamubuti alizivua kabla ya kupanda, akazifunga nyuma ya kiti, na miguu yake ikiwa na soksi za sufu ikakaa kwenye pedali. Alisema viatu vinamzuia kusikia. Vijana walitaka kumwandikia maneno mbele ya lori, kama magari mengine, na walikuwa na mapendekezo mengi ya kumsifu. Alikataa yote, alisema anayetaka kujua hilo ni lori gani atazame linachobeba. Nauli hakutoza, lakini ukipanda ulishusha mzigo mkifika, uwe mwalimu, uwe padri. Mwanasiasa mmoja aliyekuwa akitafuta kura alimtumia ujumbe kwamba anataka lori libebe wafuasi wake mjini. Alijibu kwamba anachobeba ni waru, kwa sababu hazipigi kelele.

Mama wa Juu hakumsahau Meneja. Kila akishuka Nakuru na kupata nafasi alikwenda hadi Bahati, na mazungumzo yake na yule mzee yalianza vilevile siku zote: yeye aliuliza habari za ng'ombe, mzee aliuliza habari za lori, kila mmoja akimhoji mwenzake kama mkwe. Meneja alizaa mara nyingi. Alipozeeka hadi maziwa yakakatika, wachinjaji walikuja na mzee akawarudisha. Alikufa amelala kwenye nyasi na mzee akamzika, ng'ombe mzima, jambo lililowashangaza majirani zake. Mama wa Juu alipotuletea habari hiyo alisema tu, "Ametimiza." Mzee mwenyewe alipofariki, Mama wa Juu alikwenda kwenye maombolezo na koti lake la kijivu, akaketi na wanawake wa familia ile siku nzima. Binti alimwambia baba yake alikuwa akiuliza, hata siku za mwisho, kama lori limepita.

Juzi juzi walimjia vijana wawili wenye gari zuri, wenye hoteli mpya upande wa Naivasha. Walilipiga lori picha kila upande. Walisema ni kitu adimu, wanataka kulinunua waliweke langoni, wapande maua nyuma kwenye bodi. Bei waliyotaja iliwafanya watoto wake wakohoe. Mama wa Juu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hapo langoni itakuwa inafanya kazi gani?"

"Itakuwa imesimama tu, mathe. Watu waione."

Aliwapa chai, ile yake, akawasindikiza hadi kwenye gari lao.

Mimi naendesha lori la maua kutoka Naivasha hadi uwanja wa ndege Nairobi, lori lenye baridi ndani na usukani mwepesi kama wa baiskeli. Nilipopata kazi hiyo nilipanda kwao kumwambia kabla ya kumwambia mtu mwingine. Aliuliza kama madirisha yake hufunguka. Kisha akaniuliza kama najua kufungua gurudumu peke yangu, nikasema najua, akasema vizuri, akaendelea kuchambua mbegu. Nilipoondoka akanifungia kabichi mbili kwenye gunia, kubwa mno, na kunisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa akiwafanyia majirani.

Mwaka jana, siku yangu ya mapumziko, alinipigia simu. Alikuwa Nakuru, kwenye hospitali ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu, akaamua kulitengeneza, akashuka asubuhi na lori, peke yake, bila kumwambia mtoto hata mmoja. Sasa wamemfunga jicho na kumkataza kuendesha, na lori liko nje. Nilipomuuliza aliwezaje kushuka mlima ule na jicho moja, alisema kushuka ni kazi ya miguu.

Nilimkuta kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote, pamba nyeupe juu ya jicho, anamweleza mgonjwa mwenzake namna ya kuhifadhi mbegu za viazi. Amekuwa mdogo. Nilimshika mkono hadi kwenye lori, akanipa ufunguo, akazunguka kwenda upande ambao sikuwahi kumwona ameketi. Hakuwahi kumpa mtu yeyote lori hilo, hata watoto wake wa kuwazaa. Nilivua viatu. Sikuambiwa.

Sitasema niliendesha vizuri. Usukani ule ni wa kupigana nao, na gia nilizikwaruza mbele ya kituo cha mafuta watu wote wakageuka. Yeye alitazama mbele kwa jicho lake moja. Tulitoka mjini, tukapita Njoro, mlima ukaanza. Nilikuwa nikisubiri aniambie kitu. Nilishusha gia, injini ikashika vizuri, ikaanza kuvuta kwa sauti nzito, tulivu. Nikamwangalia. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani.

Nikaendelea kupanda. Kutoka Likia kwenda juu, watu walikuwa mashambani, ni msimu wa kupalilia. Waliposikia lori walinyoosha migongo, mmoja baada ya mwingine, wakainua mikono, wazee na watoto, hadi akina mama wenye majembe mikononi. Hawakuweza kuona nani yuko nyuma ya usukani. Niliwajibu wote, kila mkono kwa mkono wangu, mpaka nyumbani, nikienda polepole nisimwamshe.